Umeme wa gari la kale: kutafuta hitilafu na kusuka upya nyaya

Gari la zamani likianza kusumbua umeme, wengi hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kununua kifaa kipya (stata, koili, alteneta) au kung'oa nyaya zote na kuanza upya. Yote mawili huwa ni pupa. Katika magari ya miaka ya 1950 hadi 1970, shaba iliyo katikati ya waya mara nyingi bado ni nzima. Kinachochoka ni pale waya unapokutana na kitu kingine: kichwa cha waya, kikombe cha fyuzi, kisahani cha swichi, boliti ya erthi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha bodi) iliyofungwa juu ya rangi. Ukipima vizuri utakuta hitilafu nyingi zinamalizwa kwa msasa, koleo la kubania na vichwa vipya vya nyaya. Mengine ndiyo yanayostahili kusukwa upya.

Jua gari lako kwanza

Hakikisha mambo mawili kabla ya kugusa chochote: betri ni ya volti 6 au 12, na ni upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza hadi katikati ya miaka ya 1960 yalifunga chanya kwenye bodi. MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, ilihamia hasi mwishoni mwa 1967. Volkswagen Beetle zilizotangulia modeli ya 1967 nyingi ni za volti 6. Usiamini rangi ya vibano vya betri, kwa sababu aliyelimiliki gari kabla yako huenda alishabadilisha. Shika waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chuma cha bodi, ufuate hadi kwenye betri, usome alama iliyo hapo.

Kukosea hapa kunagharimu. Alteneta ikipewa betri kinyume, daiodi zake huungua papo hapo. Dinamo (mtambo wa kuchaji uliotangulia alteneta) husamehe, ila ukibadilisha upande wa bodi lazima uielekeze upya: ondoa nyaya zake mbili, chukua waya kutoka kichwa cha betri kisichofungwa kwenye bodi, uguse nao temino F (mahali pa kufungia waya penye alama F) ya dinamo mara mbili tatu, kila mara kwa sekunde moja hivi. Cheche ndogo isikutie hofu. Nyaya mbili nyembamba za koili nazo zibadilishane nafasi.

Halafu rangi. Magari yenye vifaa vya Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari, hufuata mpango huu: kahawia ni umeme wa betri wa moja kwa moja, mara nyingi bila fyuzi, nyeupe ni umeme unaokuja ukiwasha ufunguo, kijani ni ule ule wa ufunguo uliokwisha kupita kwenye fyuzi, zambarau una fyuzi na upo muda wote, bluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni erthi. Magari ya Ujerumani hutumia namba zilizochapwa kwenye vifaa: 30 ni betri, 15 ni ufunguo, 31 ni erthi, 50 ni stata, 56a taa ya mbali, 56b taa ya karibu, 58 taa ndogo. Rangi zikiwa zimefifia, fungua tepu kidogo mahali ambapo jua halifiki na ufute waya kwa spiriti. Mistari ya rangi itajitokeza.

Tafuta mchoro wa nyaya wa mwaka hasa wa gari lako. Kampuni zilibadilisha nyaya katikati ya uzalishaji bila kubadilisha jina la gari, na mchoro wa mwaka unaofuata unaweza kukupoteza siku nzima.

Volti 12 zinazodanganya

Hapa ndipo mafundi wengi wa kujifunza wanapokwama. Taa haiwaki. Unachomoa waya wake, unaweka maltimita, unasoma volti 12.4. Unasema waya ni mzima, balbu imekufa. Unaweka balbu mpya, nayo haiwaki.

Maltimita hainywi umeme wowote wa maana. Waya wenye nyuzi 28 uliokatika nyuzi 27 bado utaionyesha volti zote, kwa sababu uzi mmoja unatosha kupitisha kile kidogo inachohitaji. Weka mzigo wa kweli, volti zinaporomoka. Kwa hiyo pima waya ukiwa unafanya kazi, kifaa kikiwa kimeunganishwa na kimewashwa. Tena tengeneza taa ya kupimia kwa balbu ya wati 21 (ile ya indiketa), nyaya mbili na vibanio. Ikiwaka kwa nguvu, waya unabeba karibu ampea 1.75, na hilo ni jibu ambalo maltimita peke yake haiwezi kukupa.

Njia sahihi ni kupima volti zinazopotea njiani. Utahitaji waya wa mita tano au sita wenye vibanio ili maltimita ifike kutoka betri hadi nyuma ya gari. Kwa taa kubwa, washa taa, acha injini imezimwa, fanya hivi:

1. Kipimo kimoja (ncha ya waya wa maltimita) kwenye kichwa chenyewe cha betri kisichofungwa kwenye bodi (risasi ya betri, si kibano), kingine kwenye temino ya balbu inayopokea umeme. Namba unayosoma ni volti zinazoliwa na njia ya kwenda.
2. Kipimo kimoja kwenye kichwa cha betri cha upande wa bodi, kingine kwenye temino ya erthi ya balbu. Hizi zinaliwa na njia ya kurudi.
3. Pande zote mbili kwa pamoja zisizidi nusu volti kwa gari la volti 12. Upande wa erthi peke yake usipite 0.2.

Ukisoma volti 2 kwenye njia ya kwenda, usibadilishe chochote bado. Sogeza kipimo cha mbali kurudi nyuma kiungio kimoja kimoja: kichwa cha waya, swichi ya kukanyagia, swichi ya dashibodi, boksi la fyuzi. Pale namba inaposhuka ghafla, mwizi yupo kati ya hapo na ulipopima mwisho.

Hesabu yake inaeleza kwa nini jambo hili lina hatari pia. Balbu ya wati 55 kwa volti 12 ina ukinzani wa omu 2.6 ikiwa imewaka. Kiungio chenye kutu kikiongeza nusu omu tu, ampea zinashuka hadi karibu 3.9, balbu inabaki na volti 10 na kidogo, na mwanga wake unakuwa karibu nusu ya unavyotakiwa, kwa sababu mwanga hushuka kwa kasi kuliko volti. Ile nusu omu nayo inatoa joto la wati 7 na ushee ndani ya kiungio kidogo kuliko ncha ya kidole. Ndiyo maana unakuta plastiki iliyoyeyuka na kugeuka kahawia. Plastiki iliyobadilika rangi ni ishara ya kiungio kibovu kabla hata hujatoa maltimita.

Erthi

Kama kuna saa moja tu ya kushughulikia umeme wa gari la kale, ipeleke kwenye erthi. Umeme wote uliokwenda lazima urudi betri, na katika magari haya unarudi kupitia chuma chenye miaka hamsini ya kutu, rangi na matope.

Dalili za erthi mbovu zinachekesha hadi uzizoee. Unakanyaga breki, taa ndogo za mbele zinawaka kidogo. Unawasha indiketa, taa ya nyuma upande ule inapepesa pamoja nayo. Umeme umekosa njia ya kurudi, ukapenya kwenye uzi mwingine wa balbu na kutafuta njia ndefu kupitia taa nyingine. Tatizo haliko kwenye swichi ya breki. Liko kwenye kikombe cha taa ya nyuma, au kwenye waya mweusi unaokifunga kwenye bodi.

Dalili ya pili ni ya stata. Injini imekaa juu ya raba, kwa hiyo imetengwa na bodi. Inaunganishwa na utepe mmoja wa shaba iliyosukwa. Utepe huo ukikatika au ukifungwa juu ya rangi, ampea zaidi ya mia za stata zitatafuta njia nyingine, na njia hiyo huwa ni kebo ya mafuta au ya choki. Kebo ikiwa ya moto baada ya kuwasha gari, achana na kebo, nenda kwenye utepe. Kuhakikisha: kipimo kimoja kwenye kichwa cha betri cha bodi, kingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu azungushe stata. Zaidi ya volti 0.3 ni mbaya. Upande wa pili, kutoka kichwa kingine cha betri hadi boliti kubwa ya stata, kisizidi 0.5. Koili ichomolewe kwanza ili gari lisiwake.

Kusafisha: fungua boliti, kwangua rangi hadi chuma king'ae kwa upana wa washa, tumia washa yenye meno, funga kwa nguvu, kisha paka vaselini juu. Kupaka hufuata baada ya kukaza. Chuma kiguse chuma, mafuta yazuie maji yasiingie. Taa ambazo vikombe vyake vimeoza, usipigane na kikombe. Lehemu waya mweusi moja kwa moja kwenye kikombe na uupeleke kwenye boliti yake ya bodi.

Shoti na fyuzi inayoungua

Fyuzi ikiungua, wengine huweka nyingine, ikaungua, wakaweka kubwa zaidi, waya ukaungua badala ya fyuzi. Kuna njia isiyopoteza fyuzi hata moja. Chukua ile taa ya wati 21, iweke mahali pa fyuzi. Kama shoti ipo, balbu inawaka kwa nguvu, lakini waya unabeba chini ya ampea 2 tu, hauungui. Sasa chomoa vifaa vya fyuzi hiyo kimoja kimoja. Taa ikizimika au kufifia, kifaa ulichochomoa ndicho. Isipozimika hata vyote vikiwa vimechomolewa, shoti iko kwenye waya wenyewe: tembea na fungu la nyaya, ukilitikisa kwenye kila kona, tundu la ukuta wa injini, bawaba za milango, chini ya kapeti, kwenye vishikizo vya chuma. Balbu ikipepesa mkono wako ukiwa mahali fulani, umeshafika.

Tahadhari moja ya kupima omu. Balbu ya wati 21 ikiwa baridi ina ukinzani mdogo sana, chini ya omu 1. Ukisahau balbu mahali pake na kupima kati ya waya na bodi, maltimita itakuambia kuna shoti wakati hakuna. Toa balbu zote kwanza.

Jambo jingine kuhusu fyuzi: zile za kioo za Uingereza zilizoandikwa 35 huungua zikifika ampea 35; mzigo wake wa kudumu ni 17 tu. Fyuzi za kisasa huandikwa mzigo wa kudumu. Ukinunua ya kisasa iliyoandikwa 35 umejiwekea hatari. Weka ya 15. Magari ya Ulaya yenye fyuzi za kauri za kuchongoka, nyeupe ni ampea 8 na nyekundu ni 16. Vibano vyake hufanya utando, kwa hiyo izungushe kila fyuzi kwa vidole mara chache kabla ya kudai kuwa kuna hitilafu.

Betri inayokufa gari likiwa limeegeshwa

Chomoa waya wa bodi kwenye betri, weka amita ya maltimita (tundu la ampea 10) kati ya waya na kichwa. Usizungushe stata wala kuwasha taa kubwa ukiwa hivyo. Gari la kale lisilo na saa wala redio lisome sifuri au karibu yake. Ukikuta zaidi ya miliampea 50, toa fyuzi moja moja. Usipompata mwizi, chomoa waya wa dinamo au alteneta. Kwenye dinamo, pointi za kukatia ndani ya boksi la kudhibiti hugandana, betri ikajimwaga kurudi kwenye dinamo; hizi hunywa ampea kadhaa na nyaya za dinamo huwa za moto. Kwenye alteneta, daiodi mbovu hufanya kazi hiyo kimyakimya. Saa za mitambo zinazojikaza kwa umeme hunywa kwa mikupuo, kwa hiyo tazama amita kwa dakika kadhaa.

Ukishuku kuwa dinamo haichaji, kuna jaribio la dakika mbili. Toa nyaya zake, unganisha temino D na F kwa kipande cha waya, pima kutoka hapo hadi bodi, washa injini, uipandishe taratibu. Volti zipande haraka hadi karibu 20 kabla ya mizunguko 1,000 kwa dakika. Zikipanda, dinamo ni nzima, shida iko kwenye boksi au nyaya. Usiikimbize injini kutafuta volti.

Vinavyosingiziwa

Geji ya mafuta na geji ya joto zikikosea pamoja, zote juu au zote chini, usizitoe. Magari mengi ya Uingereza yana kifaa kidogo nyuma ya dashibodi kinachozipa wastani wa volti 10. Chenyewe au erthi yake ndiyo mbovu.

Indiketa zisizopepesa baada ya kuweka balbu za LED: kipepeseo cha zamani hutegemea joto la umeme wa balbu mbili za wati 21. LED hazinywi kiasi hicho. Weka kipepeseo cha kielektroniki, ukiangalia kuwa kinafaa upande wa bodi wa gari lako.

Koili inayoungua au pointi (vikatio vya umeme wa koili) zinazokwisha haraka: pima ukinzani wa koili. Karibu omu 3 inakula volti 12 moja kwa moja. Karibu 1.5 inahitaji kizuizi (kifaa cha kupunguza umeme) mbele yake, na katika baadhi ya magari kizuizi hicho ni waya maalumu uliofichwa ndani ya fungu, unaofanana na waya wa kawaida. Aliyesuka upya gari bila kujua hilo huweka waya wa shaba, na koili inakufa.

Amita ya dashibodi: umeme wa gari karibu wote, isipokuwa wa stata, hupita nyuma yake kwenye nati mbili. Nati zikilegea, hapo ndipo moto wa dashibodi unapoanzia. Na ukifunga alteneta ya ampea 45 kwenye gari lenye amita ya 30, ipitishie waya wa pembeni.

Lini usuke upya

Kata kichwa kimoja cha waya na uchune sentimita mbili. Shaba inayong'aa ni nzima. Ikiwa nyeusi, rudi nyuma sentimita tano, chuna tena. Ikiwa bado nyeusi baada ya sentimita 30, waya huo hautashika risasi ya kulehemu wala kubanika vizuri, ubadilishwe mzima. Ganda linalopasuka ukilikunja, au raba inayobomoka vumbi ndani ya kitambaa cha magari ya zamani zaidi, halina mjadala: fungu lote litoke.

Litoe bila kulikata. Piga picha za kila temino, funga lebo kwenye kila mwisho (namba ya temino na kifaa, si rangi tu), kisha lilaze juu ya ubao wa plaiwudi na upige misumari kwenye kila tawi. Ubao huo ndio ramani yako. Tandaza nyaya mpya juu yake, ukiacha sentimita 5 hadi 10 za ziada kila mwisho.

Unene wa waya usikisiwe. Kwa nyaya za kawaida: nyuzi 9 za milimita 0.30 hubeba ampea 5.75, zinatosha taa ndogo. Nyuzi 14 hubeba 8.75, za indiketa na honi ndogo. Nyuzi 28 hubeba 17.5, za taa kubwa; nyuzi 65 hubeba 35, za njia kuu ya betri na dinamo. Kwenye gari la volti 6 ampea ni mara mbili kwa wati zile zile, kwa hiyo panda daraja. Waya mwembamba ukiwekwa kwenye gari la volti 6, taa itakuwa kibatari hata kila kiungio kikiwa kipya.

Vichwa: tumia vile vya shaba vyenye mabawa mawili, jozi moja ikishika shaba na nyingine ikishika ganda, na koleo la kubania lenye meno ya kujifunga. Chuna milimita 5 au 6. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu. Kikichomoka, bora kichomokee mezani. Risasi inafaa kwenye vichwa vya mviringo vya milimita 4.7 vya Kiingereza, lakini fahamu kuwa risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya mgumu, nao hukatika pale ugumu unapoishia. Ushikilie kwa mpira wa kusinyaa. Mikono ya kuunganishia vichwa hivyo nunua mipya yote. Ya zamani imepoteza ukakamavu, kusafisha hakuurudishi. Vile vibanio vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuuchuna viache kabisa.

Funga fungu kwa tepu isiyo na gundi, ikipishana nusu kwa nusu, ukianzia kwenye matawi kuelekea shina. Tepu ya kawaida ya fundi umeme huyeyusha gundi yake kwenye joto la injini, ukabaki na uchafu unaonata. Kila tundu la chuma liwe na mpira wake.

Wakati nyaya ziko mezani ndipo pa kuongeza rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme mdogo, temino zake zikiwa na namba) za taa kubwa. Waya wa zamani wa taa uende 86, 85 iende erthi, 30 ipokee waya wa nyuzi 28 kutoka betri kupitia fyuzi ya 15 iliyo karibu na betri, 87 iende kwenye taa. Moja kwa taa za mbali, moja kwa za karibu. Swichi ya zamani sasa inabeba sehemu ndogo tu ya ampea moja, na taa zinapata volti ambazo hazikuwahi kuzipata hata gari likiwa jipya.

Kuwasha mara ya kwanza

Usifunge betri moja kwa moja. Pitisha ile taa ya wati 21 kati ya kichwa cha betri na waya wa bodi, milango imefungwa, kila kitu kimezimwa. Balbu isiwake kabisa. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti. Rudi kwenye mchoro, nyaya hazijaumia. Washa ufunguo: mwanga kiasi ni kawaida, koili inakunywa pointi zikiwa zimefungwa. Washa vifaa kimoja kimoja, kila kimoja kionekane kwa namna yake. Kisha badilisha balbu kwa fyuzi ya ampea 10, rudia, ukiacha stata na taa kubwa mwisho. Stata ijaribiwe betri ikiwa imefungwa moja kwa moja.

Baada ya nusu saa ya taa zikiwa zimewaka, zizime na upitishe kidole kwenye kila kiungio, boksi la fyuzi na nyuma ya swichi. Kinachochoma kidole kifunguliwe leo leo. Rudia baada ya kilomita mia chache, maana shaba mpya hulegea kidogo chini ya skurubu, na zile za boksi la fyuzi karibu kila mara huhitaji kukazwa robo mzunguko.